Kupunguza Sukari Nyumbani: Muongozo kwa Familia za Mwanza na Visiwani



Makala hii tumeiandika kwa ajili ya familia za Kiislamu za Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria, za Ukerewe, Ukara na Kome, na pia kwa ndugu zetu wa Unguja na Pemba ambao wengi wao wana jamaa katika mji huo. Tunaeleza sukari inaingia vipi katika nyumba zetu, kiasi gani kinatosha, namna ya kuipunguza bila kuleta ugomvi jikoni, na majibu ya maswali ya kisheria yanayojitokeza mara kwa mara. Tunashauri ihifadhiwe na isomwe pamoja, baba, mama na watoto wakubwa, kwa sababu jambo hili halifanikiwi likibebwa na mtu mmoja.

Kwa nini tunalizungumza

Utafiti wa kitaifa wa maradhi yasiyoambukiza uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2012 uliwakuta na kisukari takriban watu 9 katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64. Si ugonjwa wa matajiri wala wa wazee peke yao. Kisukari kisichodhibitiwa huharibu macho, figo, mishipa ya moyo na miguu, na kidonda kidogo cha mguuni kinaweza kumfikisha mtu kwenye kukatwa mguu. Mama anapolazwa au baba anaposhindwa kwenda mwaloni, nyumba nzima imeugua.

Ieleweke kwamba sukari si sababu pekee ya kisukari. Ipo asili ya ukoo, uzito uliozidi, kukaa bila kuushughulisha mwili, na umri. Lakini sukari nyingi, hasa ya vinywaji, huongeza uzito kwa urahisi na huozesha meno ya watoto. Nayo ni sababu ambayo iko mikononi mwetu, kwa kuwa tunainunua wenyewe.

Tulilojifunza mwaka 2024

Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari iliadimika nchini. Mvua kubwa za El Niño zilifanya mashamba yasivunike na viwanda vikapunguza uzalishaji. Mwezi wa Januari Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya rejareja kati ya shilingi 2,700 na 3,200 kwa kilo kulingana na mkoa, lakini madukani watu wengi waliinunua kwa shilingi 4,000 na zaidi. Hata Kanda ya Ziwa, ambayo ina kiwanda kikubwa cha sukari jirani huko Missenyi mkoani Kagera, haikusalimika.

Wazee walikumbuka foleni za sukari za miaka ya mwanzo ya 1980. Wengine wetu tuliona jambo la ajabu kidogo: chai ya kijiko kimoja ilinyweka. Wiki ya kwanza ililalamikiwa, wiki ya tatu ikasahaulika. Sukari iliporudi madukani, wengi tulirudi kwenye vijiko vitatu kama kwamba hatukujifunza chochote. Basi lile tulilolifanya kwa dhiki tunaweza kulifanya kwa hiari, na likawa na ujira kwa mwenye kuinuia afya ya watu wake.

Kiasi gani kinatosha

Shirika la Afya Duniani, katika muongozo wake wa mwaka 2015, linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anayoipata mtu katika chakula chake cha siku. Kwa mtu mzima wa kawaida ni gramu 50, sawa na vijiko 12 vya chai. Na kukiwa na uwezo, ishuke hadi nusu yake, yaani gramu 25 au vijiko 6. Hesabu hii inaingiza sukari tunayotia wenyewe, iliyomo ndani ya soda, biskuti na juisi, na pia asali. Haiingizi sukari iliyomo ndani ya tunda zima wala ya maziwa yasiyotiwa kitu.

Kuhesabu vijiko vya kila mtu ni kazi ngumu, hasa nyumba yenye watoto na wageni. Sisi tunapendekeza kipimo kingine: pimeni mfuko wa dukani. Gramu 25 kwa siku ni gramu 175 kwa mtu kwa wiki. Kwa hiyo:

Nyumba ya watu wanne: gramu 700 kwa wiki.
Nyumba ya watu sita: kilo moja kwa wiki.
Nyumba ya watu wanane: kilo moja na gramu 400 kwa wiki.

Hilo ndilo lengo. Maradufu yake, yaani kilo mbili kwa watu sita, ndio ukomo usiofaa kuvukwa. Na soda zihesabiwe humohumo. Soda nyingi za kawaida zina takriban gramu 10 za sukari katika kila mililita 100, hivyo chupa moja ya mililita 350 ni karibu vijiko tisa. Kreti moja ya chupa 24 ina zaidi ya gramu 800 za sukari. Tunaponunua kreti kwa ajili ya hitma au nikaha, tujue tumewagawia watu karibu kilo ya sukari.

Sukari inaingilia wapi

Ya kwanza ni birika. Katika nyumba nyingi chai hutiwa sukari jikoni, ikiwa bado motoni, na mpishi hukadiria kwa kumfuata yule apendaye tamu zaidi. Mtu akinywa vikombe viwili vya vijiko vitatu asubuhi, amemaliza vijiko vyake sita kabla jua halijapanda.

Ya pili ni uji wa watoto. Uji wa ulezi au wa lishe ni chakula kizuri, lakini tumeuzoesha kuwa mtamu mpaka mtoto haujui kwa ladha yake.

Ya tatu ni vitafunio: maandazi, vitumbua, kaimati, visheti, kashata. Wapo wanaotia robo kilo ya sukari katika kilo ya unga wa ngano. Nusu ya hapo inatosha, iliki na tui la nazi vikifanya kazi yake.

Ya nne ni ile isiyopita jikoni: soda, juisi za pakiti, juisi za unga, barafu za rangi wanazonunua watoto wakitoka madrasa, na vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo vijana wa bodaboda na wavuvi wa usiku huvinywa ili wasisinzie. Mama anaweza kupunguza sukari ya birika kwa bidii yote, na mtoto akairudisha kwa chupa moja njiani. Kwa hiyo fedha ya mfukoni ya watoto nayo izungumzwe.

Namna ya kupunguza, hatua kwa hatua

Wiki ya kwanza, msipunguze chochote. Pimeni tu. Andikeni sukari mliyonunua na soda zilizoingia. Nyumba nyingi zitashangaa.

Wiki ya pili, ondoeni sukari ndani ya birika. Chai ipikwe kavu, na kibakuli cha sukari kiwekwe mkekani pamoja na kijiko kidogo cha chai. Kila mtu atie yake, akiiona. Hatua hii peke yake inaleta tofauti kubwa, kwa sababu asiyependa tamu sana halazimiki tena kumfuata apendaye.

Wiki ya tatu na ya nne, kila mmoja ashuke nusu kijiko, kisha nusu nyingine. Tusishuke ghafla kutoka vijiko vitatu hadi sifuri, kwani anayeshuka ghafla hupanda ghafla. Ulimi huzoea, na kwa wengi ndani ya wiki kadhaa chai ya zamani huonekana tamu kupita kiasi. Tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na mchaichai husaidia sana, na viungo hivi visiwani kwetu si vigeni.

Baada ya hapo, soda iondoke katika mazoea ya nyumbani na ibaki ya siku maalumu. Mezani pawe na maji. Tunda liliwe zima badala ya kukamuliwa, kwa kuwa likikamuliwa nyuzinyuzi huondoka na sukari hubaki. Chungwa la Ukerewe, papai, embe la msimu na tikiti havihitaji kuongezwa kitu.

Kuhusu vidonge na unga wa kutamuisha visivyo sukari, Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilishauri visitegemewe kama njia ya kupunguza uzito. Bora zaidi ni kuuzoesha ulimi utamu mdogo.

Usiondoe sukari ukaacha tumbo tupu

Hapa tunaomba uzingatifu. Kwa familia zenye kipato kidogo, chai tamu na andazi ni chakula cha bei nafuu kinachomsukuma mtu mpaka mchana. Tukiondoa sukari na tusiweke kitu mahali pake, watoto watashinda na njaa, na jambo zima litaonekana ni adhabu.

Tuchukue mfano wa nyumba inayotumia kilo tatu kwa wiki ikashuka hadi moja. Kwa bei ya shilingi 3,000 kwa kilo, imeokoa shilingi 6,000 kila wiki. Fedha hiyo isirudi dukani kwa njia nyingine. Iende kwenye mayai, karanga, maharage, mboga na dagaa.

Na kanda ya ziwa imejaaliwa. Asubuhi, viazi vitamu vya kuchemsha na maziwa ya mgando ni chakula ambacho Wasukuma wamekitegemea tangu zamani. Vipo pia viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, ambavyo huupa mwili vitamini A inayohitajika kwa macho na kinga ya watoto. Wakati wa kiangazi yapo michembe na matobolwa, viazi vilivyokatwa na kuanikwa, ambavyo hupikwa na karanga au kunywewa na chai isiyo na sukari. Uji wa mtoto unaweza kutiwa karanga zilizosagwa, maziwa, ndizi mbivu iliyopondwa au unga wa dagaa kidogo, ukampa nguvu na protini kuliko sukari inavyompa. Kwa mtoto aliye chini ya miaka miwili hakuna haja ya kumwekea sukari kabisa, na asipewe soda.

Mchana na usiku, sahani ijazwe mboga hadi nusu: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda au mgagani. Robo iwe samaki, dagaa au maharage, na robo iliyobaki iwe ugali, wali au muhogo. Sato wa kuchemsha kwa nyanya na ndimu anatosha, si lazima kila siku akaangwe. Dagaa wa chumvi waoshwe vizuri, maana shinikizo la damu na kisukari mara nyingi hukaa nyumba moja. Na tukumbuke kwamba mlima wa ugali wa sembe au wa wali mweupe nao hugeuka sukari mwilini. Unga wa dona, ulezi na mtama ni bora zaidi, kwa kiasi.

Tusimtenge mgonjwa

Tunaona katika baadhi ya nyumba baba akigunduliwa na kisukari hupikiwa chungu chake na kupewa kikombe chake kisicho na sukari, huku wengine wakiendelea kama kawaida mbele yake. Baada ya muda humkuta barazani akinywa chai tamu kwa siri. Si kwamba amedharau ushauri wa daktari. Amechoka kula peke yake.

Chakula kinachomfaa mwenye kisukari kinamfaa kila mtu ndani ya nyumba. Basi nyumba yote ishuke pamoja naye. Mke asiachiwe mzigo wa kupika mara mbili, na mume anayeleta sukari nyumbani ndiye aanze kupunguza mfuko. Bibi na babu waombwe kwa adabu wawape wajukuu karanga au tunda badala ya pipi, wala wasiambiwe mbele ya watoto kwamba wanakosea.

Maswali ya kisheria

Je, kujizuia sukari si kuharamisha kilicho halali?
Hapana. Sukari ni halali kwa asili yake, na hakuna ruhusa ya kuiita haramu. Aya ya 87 ya Suratul Maaidah inakataza kuharamisha vizuri alivyovihalalisha Allaah. Lakini kupunguza si kuharamisha. Aya ya 31 ya Suratul A'raaf imeruhusu kula na kunywa, na papo hapo ikakataza israfu. Na katika Hadithi ya al-Miqdaam aliyoipokea at-Tirmidhiy, Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) ameonya juu ya kulijaza tumbo, akafundisha kuligawa mafungu matatu: la chakula, la kinywaji na la pumzi. Ama ambaye daktari muaminifu amemweleza kwamba kiasi fulani kitamdhuru, huyo haimfai kukiendea kwa kujua, kwani sheria imekataza mtu kuidhuru nafsi yake.

Je, kumpa mgeni chai isiyo na sukari si ubakhili?
Kumkirimu mgeni ni katika imani, na kwetu chai isiyo tamu huhesabiwa ni dharau. Suluhisho ni lile la kibakuli: mgeni awekewe sukari mbele yake atie apendavyo. Hapo ameheshimiwa, na kama naye anajizuia, amepumzishwa asilazimike kunywa kwa haya.

Asali ni shifaa. Kwa nini ihesabiwe kama sukari?
Tunaamini aliyoyasema Allaah katika Aya ya 69 ya Suratun Nahl, kwamba ndani yake mna ponyo kwa watu. Hilo halimaanishi kuwa kila kiasi kinafaa kwa kila mgonjwa. Kijiko kikubwa kimoja cha asali kina takriban gramu 17 za sukari, na mwenye kisukari akinywa vijiko vitatu sukari yake hupanda. Vilevile habbat sawdaa na miti shamba visimfanye mtu aache dawa za hospitali, na tujihadhari na wauzaji wanaodai kuponya kisukari kwa chupa moja.

Mwenye kisukari afunge Ramadhani?
Aya za 184 na 185 za Suratul Baqarah zimemruhusu mgonjwa kula na kulipa siku nyingine. Mgonjwa ambaye hakutarajiwi kupona kwake na saumu inamdhuru, atalisha maskini kwa kila siku. Hukumu ya nani anaweza na nani hawezi ijengwe juu ya kauli ya daktari, na aonwe mwezi mmoja au miwili kabla ya Ramadhani ili dawa zipangwe upya. Anayefunga na kipimo chake kikashuka chini ya 3.9, au kikapanda zaidi ya 16.6, afungue hapo hapo, wala asisubiri Magharibi.

Kupima sukari kwa tone la damu na kuchoma insulini kunafunguza?
Kutoa tone la damu kidoleni hakufunguzi. Na Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, liliamua kwamba sindano za ngozi, za msuli na za mshipa hazifunguzi, isipokuwa zile za kulisha mwili. Insulini si katika za kulisha.

Katika futari, Sunna ni kuanza kwa tende, na zisipopatikana, maji. Tende chache zinatosha. Baada ya hapo hakuna haja ya uji wa sukari, tambi za sukari na juisi katika mkeka mmoja. Mihogo na ndizi za nazi hazihitaji sukari ili ziwe futari.

Tahadhari za kiafya

Mtu anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari asibadilishe chakula chake kwa ghafla kabla ya kuzungumza na daktari, kwa sababu sukari inaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho la baridi, njaa kali na kuchanganyikiwa. Hapo apewe mara moja maji ya sukari au soda ya kawaida, maadamu yuko macho na anaweza kumeza. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali. Kwa hiyo nyumba yenye mgonjwa isikose sukari kabisa. Hapo sukari ni dawa.

Anayekojoa mara kwa mara, mwenye kiu isiyokwisha, anayekonda bila sababu au mwenye kidonda kisichopona, akapime. Kipimo cha asubuhi kabla ya kula kikifika 7.0 au zaidi, kirudiwe na aonwe na daktari. Mama mjamzito naye aulizie kipimo hiki kliniki. Kwa Mwanza zipo hospitali za Bugando na Sekou Toure, kwa Ukerewe hospitali ya Nansio, na kwa Unguja hospitali ya Mnazi Mmoja.

Hitimisho

Anzeni wiki hii kwa kupima mfuko, na wiki ijayo toeni sukari ndani ya birika. Msilaumiane mnapoteleza siku ya harusi au ya Idi, bali rudini kwenye kipimo siku inayofuata. Siha ni amana, na wanaotutegemea wana haki juu yetu ya kuilinda.

Tunamuomba Allaah awaponye wagonjwa wetu, abariki riziki zetu, na atujaalie tule kwa kiasi na tushukuru. Wa-Allaahu A'lam.